Kufunga sili mashine ya farasi 15 kwa mbio za wanaoanza

Haya, karibuni tena ndugu zangu. Leo tupo Msasani, nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, maana ndani ya banda joto limenishinda. Anayeshika simu ni mpwa wangu Shabani. Picha ikitikisika msinilaumu mimi.

Hii mbele yenu ni mashine ya boti, Yamaha Enduro, nguvu ya farasi 15, stroke mbili, silinda mbili. Mvuvi wa Feri au Kunduchi anaijua kuliko anavyowajua shemeji zake. Ndiyo tunayokimbizia kwenye mbio zetu za boti za wanaoanza, na leo naifunga sili, asije mtu akaifungua ndani na kuiongezea nguvu. Sili ni hiki kidude cha risasi chenye namba, kama kile cha kwenye mita ya umeme. Sogeza simu, Shabani. Si huko, huo mkono wangu.

Jambo lenyewe si letu peke yetu. Kwenye magari madogo ya mbio yanayotumia injini za Rotax, injini inakuja na sili na kitabu chake cha utambulisho. Ulaya nako wana daraja la boti linaitwa GT15, vijana wanaanzia kwenye mashine ya farasi 15. Sababu ni ileile kila mahali. Usipofunga, mbio za wanaoanza zinageuka kuwa mbio za mafundi. Mtoto wa mwenye nazo ana mchonga vyuma mtaa wa Gerezani. Mtoto wa mvuvi ana plagi mpya na dua ya mama.

Na msidhani farasi hawajifichi. Yamaha ya 9.9 na ya 15 za ukoo huu zina bloku moja, sentimita za ujazo 246, pistoni ya milimita 56. Kinachowatenga kwa sehemu kubwa ni kabureta na njia ya hewa. Kama kiwanda chenyewe kinaweza kukalisha farasi watano kwenye kabureta, fundi mwenye usiku mmoja na tupa atashindwa nini?

Twende kazini. Hedi, yaani kifuniko cha silinda, nimeshaifungua, hayo mnayajua, nisiwapotezee bando.

Kabla ya sili, pima. Ukifunga mashine ambayo hujaipima umemlinda mwizi, tena umempa na cheti. Napima kipenyo cha silinda, naangalia matundu ya kupitishia gesi kama kuna alama za tupa. Mashine ambayo haijaguswa ina ukingo wenye mkwaruzo wa kiwandani. Iliyoguswa inang'aa kama sufuria ya bi harusi. Napima unene wa hedi, maana hedi ikichongwa inakuwa nyembamba na kubana, yaani pistoni inavyoshindilia gesi ndani ya silinda, kunapanda. Nasoma namba ya jeti, kile kitundu cha kupitishia mafuta kwenye kabureta. Kila kitu kinaingia daftarini, kwa kalamu ya wino, si penseli.

Sasa bolti. Hizi nne nitazitoboa kichwani ili waya wa sili upite, tundu la milimita moja na nusu, kona hadi kona. Zitoe kwenye mashine kwanza! Nimemwona mtu anatoboa bolti ikiwa mahali pake, vumbi la chuma likaingia ndani, ringi zikala ukuta wa silinda kabla ya mwezi kuisha. Bana bolti kwenye jiliwa, piga alama na senta panchi, tia tone la oili, halafu drili polepo...

Umeme umekatika.

Sawa. Shabani, lete ile drili ya mkono, ya babu. Iko nyuma ya ndoo. Kwa kweli mimi naipenda hii kuliko ya umeme. Biti ya milimita moja na nusu inavunjika ukiikasirikia, na ya mkono inakufundisha adabu. Unasikia inavyokwaruza? Ikianza kulia, simama, vuta nje, oili tena. Hizi tatu zilizobaki nazitoboa mkiwa mnakunywa chai.

Tumerudi. Biti mbili zimekufa, usiulize. Gasketi mpya, hedi imerudi, bolti zimekazwa kwa spana ya kipimo, kwa mpangilio wa kitabu, kutoka katikati kwenda nje.

Tupime kubana. Plagi zote mbili nje, na waya zake zishikishe kwenye bodi ya mashine, usiziache hewani zikachoma sidii-ai, kile kisanduku cha umeme wa plagi. Gasi wazi kabisa. Geji ndani, vuta kamba mara tano, sita. Silinda ya juu inasoma... psi 112. Ya chini 110. Safi. Mimi tofauti ya asilimia 10 kati ya silinda ndiyo mwisho wangu. Ikizidi hapo mashine inarudi kwa mwenyewe.

Sasa njooni karibu, hapa ndipo nilipoaibika.

Waya wangu ni wa chuma cha pua, unene wa milimita 0.8. Msichukue ule wa kufungia nondo, bahari ya hapa inaula kwa wiki tatu. Unapita kwenye bolti ya kwanza, unasokotwa, unapita bolti ya pili, na unapita upande ambao bolti ikitaka kulegea, waya unaikaza. Angalieni, umelala kama herufi S. Ukiupitisha upande wa pili, unaisaidia kufunguka.

Ncha mbili zinaingia kwenye matundu ya risasi. Sasa sikiliza. Vuta waya kwanza, ndipo ubane risasi. Vuta, halafu bana. Usibane, halafu ukavuta.

Mwaka wa kwanza nilibana kwanza. Nilikuwa na haraka, jua linazama, mashine tisa zinanisubiri, na koleo langu lilikuwa la kuazima. Nikaona risasi imelala bapa, nikafurahi. Kumbe ndani waya ulikuwa unateleza kama uzi kwenye ushanga. Kijana mmoja akauchomoa bila kukata kitu, akatoa hedi, ikaenda kuchongwa, ikarudi, waya ukarudishwa kwenye risasi yake. Siku ya mbio akatuacha sote kama tumetia nanga. Nikakagua sili: nzima, namba ileile, sahihi yangu ileile. Nikatia geji, ikasoma 140. Mashine niliyoiandika 111!

Nikamwambia kijana tunajua. Akanijibu kwa heshima zote, "Shikamoo fundi, sili si nzima?" Ungesema nini? Kanuni yetu ilikuwa inasema sili nzima, mashine halali. Zawadi akachukua, akaenda nayo kwao. Tangu siku hiyo kanuni inasema sili na geji, vyote viwili, na mimi navuta kabla ya kubana.

Kwa hiyo. Plaizi inashika ncha zote mbili, unavuta mpaka waya unaimba ukiupiga kucha. Risasi unaisukuma iwe kama upana wa kidole kutoka kwenye bolti. Ndipo koleo la sili, si plaizi ya kawaida, linalobana na kuchapa alama pande zote. Bana moja, ya nguvu. Halafu jaribu kuvuta waya. Usione haya, vuta kama unamdai.

Ya kwanza, imeshika. Ya pili kwenye kabureta, hapa nafunga kifuniko cha jeti pamoja na bolti ya kuingizia hewa. Nafasi ni finyu, mkono wa Shabani ungefaa zaidi ila ameshika simu. Vuta... bana... jaribu.

Ngoja. Ngoja ngoja. Shabani, leta hapa karibu. Mnaona? Inateleza. Kidogo, nywele mbili, lakini inateleza. Nimebana risasi ikiwa imekaa upande. Ndiyo hiyo niliyokuwa naisema, na nimeirudia mbele ya kamera. Hatuifuti, iache. Nakata. Namba 0047 inaandikwa daftarini "imeharibika, fundi mwenyewe," na kipande chake nakibandika ukurasa huohuo kwa gundi, asije mtu akakiokota akakitumia. Inaingia 0048. Vuta. Risasi imekaa sawa? Imekaa. Bana. Jaribu. Haya.

Kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la juu ya mashine, sifungi sili. Kuna kii ndani pale, kipande kidogo cha chuma kinachoishikilia mahali pake. Ukiikwangua kidogo flaiwili inakaa pembeni na moto unawahi, ni ujanja wa zamani sana. Lakini juu yake kuna kamba ya kuvutia, na kamba hukatika. Nahodha akikatikiwa huko karibu na kisiwa cha Mbudya, upepo wa kusi unampeleka, siwezi kumwambia aje kwanza kwangu nimkatie sili. Kwa hiyo napaka nati ya flaiwili mstari wa rangi ya kucha, kutoka kwenye nati hadi kwenye flaiwili yenyewe. Ukiigeuza nati, mstari unapasuka na hauungi. Hii nyekundu ni ya mke wangu. Nitanunua nyingine, mama Asha, nimekusikia.

Plagi, impela ya maji, oili ya gia: hivyo viko wazi, badilisha unapotaka, bila ruhusa. Propela nayo iko wazi, ila iwe ile ya kwenye orodha yetu, na haichongwi. Wapo wanaotaka nifunge hata mguu wa chini. Sikubali. Impela ikichakaa mashine inachemka, halafu tutakuwa na usawa wa mashine zilizokufa.

Mwisho piga picha kila sili na namba yake, mwenye mashine asaini, wewe saini. Na siku ya mbio anayeshinda, wa pili, na mmoja wa kura, wote wanatiwa geji palepale ufukweni kabla boti haijafungwa kamba. Yule wa kura ndiye muhimu, maana hajui kama ni yeye.

Anayetaka sili na waya ninavyo, vinauzwa kwa seti ya kumi. Koleo la sili siuzi. Naazimisha, na unaliacha na kitambulisho.

Sasa tuiwashe kwenye pipa. Maji baridi yajae juu ya impela, plagi mahali pake, kamba... mara moja. Mara mbili. Hiyo! Moshi huo wa kwanza ni oili iliyobaki ndani, usiogope. Shabani, tazama lile tundu la maji, linapiga mkojo vizuri? Linapiga. Iache ilie dakika tatu, nikiizima naangalia tena waya kama umelegea baada ya mtikisiko. Hapana, bado, usizime simu, njoo na tochi upande huu.