Daftari la Seva ya Nyumbani: Umeme Ukirudi, Diski Iko Wapi?

Ndugu zangu, habari za jioni. Mada yetu ni daftari la mtu anayeendesha seva ya Linux nyumbani. Naanzia pale Dar es Salaam inapotujaribu zaidi: umeme umekatika, au luku imeisha, kisha umerudi.

Ukurasa wa kwanza uwe wa kuingilia: jina la mtumiaji, anwani ya IP, ufunguo wa ssh (njia ya kuingia kwenye seva kutoka kompyuta nyingine) umehifadhiwa wapi. Na daftari lisikae ndani ya seva yenyewe, maana siku inapogoma kuwaka ndiyo siku mtakayolihitaji.

Sasa diski. Mtu ananunua diski ya nje Kariakoo, anaichomeka, anaandika /dev/sdb1 kwenye /etc/fstab, faili linaloorodhesha diski za kupachikwa (kuunganishwa na folda) seva inapowaka, basi. Jina hilo halidumu. Kerneli, kiini cha Linux, hugawa majina kadiri inavyozigundua diski, hivyo sdb ya leo yaweza kuwa sdc kesho. Andikeni UUID, kitambulisho cha pekee cha diski; amri ya blkid itawapa. Ongezeni nofail, yaani seva iendelee kuwaka hata diski ikikosekana. Bila hiyo systemd, programu inayoanzisha huduma za seva, hungoja diski, kwa kawaida sekunde 90, ikiikosa inaingia hali ya dharura na ssh haifunguki. Mtahangaika kutafuta skrini na kibodi. Mkishahariri, endesheni findmnt --verify, kisha mount -a, kabla ya kuwasha upya.

Lakini nofail ina mtego wake, na hapa naomba tukae kidogo. Seva imewaka, diski haikupachikwa, /mnt/akiba, mahali pa kuipachika, imebaki folda tupu kwenye diski kuu. Usiku cron (mpanga ratiba) inaiamsha rsync (programu ya kunakili mafaili). Yenyewe haijui lolote; inamimina picha na nyaraka humo humo hadi diski kuu inajaa na hifadhidata inakwama. Mkija kuipachika diski ya nje, mafaili yale yanafichika chini yake: df, inayopima nafasi ya diski, inasema pamejaa; du, inayojumlisha ukubwa wa mafaili, haiyaoni. Kuyafichua, endesheni mount --bind / /mnt/mzizi, kisha du humo.

Kinga ziko mbili, na ningeweka zote. Kwanza, kwenye skripti tangulizeni mountpoint -q /mnt/akiba && kabla ya rsync. Pili, diski ikiwa imeondolewa, andikeni chattr +i /mnt/akiba. Kwenye ext4, hata root, mtumiaji mwenye mamlaka yote, hataweza kuandika humo. Diski ikipachikwa juu yake, kazi inaendelea kama kawaida.

Diski imejaa na du haionyeshi sababu, wala hakuna kilichofichika? lsof +L1 hutaja faili lililofutwa ambalo programu bado imelishikilia. Anzisheni upya programu hiyo, nafasi inarudi. Kwenye crontab, orodha ya kazi za cron, njia za amri ziandikwe kamili, na % itanguliwe na \, la sivyo huhesabika kama mstari mpya.

UPS (kifaa cha umeme wa akiba) nyingi za nyumbani zina betri ya risasi na asidi, na joto letu huichosha mapema. Iwekwe penye hewa, tarehe iandikwe ubavuni.

Jumamosi moja chomoeni diski ya nje, washeni upya, muone kama ssh inafunguka na rsync inakataa. Matokeo yaingie daftarini pamoja na tarehe.