Tunatoza lita, barabara inaliwa na ekseli

Waheshimiwa madiwani, wahandisi wenzangu, na ndugu zangu wasafirishaji mliokaa kule nyuma, asanteni kwa kuja.

Historia ya Mfuko wa Barabara wa Tanzania mnaijua, sitaipitia. Bodi ya Mfuko ilitokana na marekebisho ya sheria ya mwaka 1998, TANROADS, wakala wa barabara kuu na za mikoa, ikaja 2000, na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, 2017. Sheria inataka angalau asilimia 90 ya fedha za Mfuko ziende kwenye matengenezo, na hiyo ni sheria nzuri. Ugomvi wangu, na wengi wenu mmeshanisikia, ni namna tunavyozipata hizo fedha. Tunatoza kwa lita ya mafuta. Barabara haijui lita. Inajua uzito na inajua maji.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, huko Illinois, Marekani, walijenga vipande vya barabara kwa ajili ya kuviharibu tu. Wanajeshi wakaendesha malori yenye uzito tofauti juu yake kwa miaka miwili, wahandisi wakipima nyufa na mabonde. Walichokipata ndicho tunachofundishwa mpaka leo: uharibifu unapanda takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani mhimili unaobeba magurudumu. Ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, uharibifu hauwi mara mbili. Unakuwa mara 16.

Chukueni kalamu. Ekseli ya gari dogo inabeba nusu tani hivi. Ekseli ya lori inaruhusiwa tani 10. Hiyo ni mara 20 kwa uzito, na 20 kwa kipeo cha nne, yaani 20 × 20 × 20 × 20, ni 160,000. Ekseli moja ya lori, ikiwa ndani ya sheria kabisa, inapita mara moja na kuacha madhara ambayo ekseli ya gari dogo ingehitaji kupita mara 160,000 kuyafikia. Sasa niambieni semitrela inatumia mafuta mara ngapi ya gari dogo. Nne? Tano? Weka hata sita. Hiyo ndiyo tofauti ya tozo wanayolipa.

Ndiyo maana suala la asilimia tano linanikera hadi leo. Mnakumbuka Oktoba 2013. Dk. John Magufuli, wakati huo Waziri wa Ujenzi, alifuta nafuu iliyokuwa inamruhusu mwenye lori kuzidisha uzito hadi asilimia tano bila kutozwa. Wasafirishaji wakagoma, malori yakajipanga kwenye mizani, na Waziri Mkuu Mizengo Pinda akausitisha uamuzi ule. Watu wakasema, asilimia tano ni nini? Kidogo tu! Pigeni hesabu. Ekseli iliyozidi asilimia tano inaharibu zaidi ya asilimia 21 kuliko iliyo sawa. Ikizidi kumi, inaharibu asilimia 46 zaidi. Barabara iliyosanifiwa kudumu miaka 20 inaanza kufumuka mapema, na anayeitengeneza upya ni mlipa kodi, akiwemo ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli.

Najua kule nyuma mnanung'unika. Mtasema lori ndilo linalobeba unga, saruji na mafuta, ukilitoza zaidi bei zinapanda kwa mwananchi. Nakubali lori ni muhimu. Lakini gharama hiyo tayari mwananchi anailipa, ila kwa mlango mwingine: springi zinazovunjika, matairi, masaa barabarani, nauli. Na kuna mtu mnamsahau. Mvuvi wa Mafia ananunua petroli ya kuendesha mashine ya boti na kulipa tozo ya barabara kwa kila lita, akitembea juu ya maji. Mwenye mashine ya kukoboa ya dizeli kijijini analipa pia. Hawa wanachangia lami ya malori, na hakuna aliyewauliza.

Pendekezo langu ni hili: magari mazito yalipe kwa uzito na umbali, na tozo ya lita ipungue kwa wengine. Msiniambie haiwezekani. New Zealand wanatoza magari ya dizeli hivyo tangu 1978. Na hapa kwetu malori ya kigeni yanayopita nchini yanatozwa kwa umbali. Mizani tunazo, kumbukumbu za mizani zipo. Kilichokosekana ni uamuzi.

Muda unakwenda, niseme kuhusu maji. Mwaka 2021 Bunge liliongeza shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA, na ilikuwa haki, maana TARURA ina zaidi ya kilomita 140,000, nyingi za udongo, wakati TANROADS ina kama 36,000. Lakini fedha zikifika kwa kuchelewa hazina kazi.

Karibuni nilisimama kwenye barabara moja ya wilaya. Kalavati, bomba la kupitisha maji chini ya barabara, la sentimita 60, limejaa mchanga robo tatu, mdomoni kimekwama kiroba na mabua ya mahindi. Maji yakakosa njia, yakapita juu, yakakata tuta upande wa bondeni mpaka pete za zege zikaning'inia. Kulizibua ilikuwa kazi ya watu wanne wenye makoleo, asubuhi moja. Sasa panahitajika mtambo wa kuchimba, vifusi, kalavati jipya, na wagonjwa wa kijiji cha ng'ambo wanabebwa kwa machela hadi lami.

Mwaka wa fedha unaanza Julai. Vuli zinaanza Oktoba. Mkataba wa kusafisha mitaro ukisainiwa Novemba, mkandarasi anaingia saiti pamoja na mvua, anakwangua matope, analipwa, na Januari barabara imerudi ilivyokuwa. Kazi ya mitaro na makalavati wapewe vikundi vya wananchi wanaoishi palepale, kwa mikataba ya mwaka mzima, na fedha yake itoke kabla ya kiraka cha kwanza cha lami.

Magari ya gesi na ya umeme sitayafikia leo. Yanaongezeka Dar es Salaam, na hayachangii tozo ya petroli wala dizeli. Hiyo ni sababu nyingine ya kuachana na lita kabla Mfuko haujakauka.

Waheshimiwa madiwani, kwenye baraza lenu lijalo mwombeni meneja wa TARURA wa wilaya orodha ya makalavati yaliyoziba, kata kwa kata, na tarehe ya kuzibua kila moja kabla ya Oktoba. Ndugu wasafirishaji, siondoki sasa hivi. Njooni mbele na karatasi zenu za mizani, tupige hesabu pamoja.