Monita moja, kompyuta mbili: kuunganisha CPU na laptopu kwenye kioo kimoja

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Leo tupo Chake Chake, Pemba, na meza mnayoiona ndiyo meza yangu ya kazi: monita moja ya inchi 22, chini yake boksi la kompyuta ya mezani ambalo wengi tunaliita CPU, na pembeni laptopu. Kwenye CPU ndiko ninakochapia barua za watu, CV na fomu za skuli, kwa sababu printa imefungwa huko. Laptopu ina hesabu za duka, na jioni naondoka nayo kwenda nyumbani. Nataka zote mbili zitumie monita hii hii, bila ya kuinuka kila saa kuchomoa waya na kuchomeka mwengine.

Jambo la kwanza, na hili nitalikazania: usende dukani bado. Geuza monita uitazame mgongo.

Nasogeza kamera. Namulika tochi ya simu hapa chini, maana matundu haya yanatazama chini na mtu anaweza kukaa na monita miaka mitano asijue ina nini. Tundu hili la buluu, lenye vitobo 15 katika safu tatu na pahala pa skrubu mbili ubavuni, ndilo VGA. Ni la zamani, IBM walilitoa mwaka 1987, na mpaka leo lipo kwenye monita nyingi tunazonunua zilizotumika. Hili bapa, lililopunguzwa pembe mbili za chini, ni HDMI. Ukiliona bapa lakini limekatwa pembe moja tu, hilo ni DisplayPort. Usilazimishe waya wa HDMI humo, utaliharibu. Na lile pana, mara nyingi jeupe, ni DVI.

Sasa hesabu. Yangu ina VGA moja na HDMI moja. Yako pengine ina HDMI mbili, au HDMI na DisplayPort. Ikiwa yanafika mawili, shukuru, kwa sababu huhitaji kununua kifaa chochote zaidi ya waya, na pengine adapta. Kila kompyuta itapata tundu lake na waya wake, zote zitakaa zimechomekwa muda wote, na wewe utachagua kwa batani ya monita ni ipi uione.

Tuje nyuma ya CPU. Hapa kuna mtego mmoja. Kama CPU yako ina kadi ya picha iliyoongezwa, utaona matundu ya picha pahala pawili: ya juu yamepangwa pamoja na ya USB, na ya chini yamelala peke yake kwenye kibati chake. Tumia ya chini, ya kadi. Kwenye kompyuta nyingi, kadi ikiwepo, yale ya juu hayatoi picha, na mtu anaweza kumwita fundi bure kumbe ni tundu tu.

Laptopu yangu ina HDMI ubavuni, kwa hiyo haina shida. Kama yako ina USB-C tu, angalia alama iliyochorwa kando ya tundu. Ukiona alama ya radi ya Thunderbolt, au herufi D na P zilizoungana, linatoa picha. Kama halina alama yoyote, tafuta maelezo ya aina ya laptopu yako kabla ya kununua waya, kwa sababu USB-C nyengine ni za kuchaji na kupitisha mafaili tu, picha hazitoi.

Nani apewe waya gani? Mimi HDMI nimeipa CPU, na laptopu itatumia VGA kupitia adapta, yaani kigeuzi cha tundu, nitakayoieleza baadaye. VGA inapitisha picha kwa njia ya analogi, na kwenye maandishi madogo herufi zinakuwa kama zina ukungu. Anayeshinda anasoma na kuchapa kutwa nzima aipe HDMI ile kompyuta anayoisomea zaidi. Macho hayanunuliwi. Hiyo ya pili, yenye VGA, ukishaiwasha bonyeza batani ya monita iliyoandikwa "Auto", picha itajinyoosha yenyewe na ukungu utapungua.

Tuunganishe. Zima CPU, zima laptopu, na swichi ya soketi ukutani uizime pia. HDMI inaweza kuchomekwa kompyuta ikiwa inawaka, najua, lakini nyumba zetu nyingi waya wa ethi, ule unaopeleka umeme ardhini, haukufungwa vizuri, na chaja zenye pini mbili wakati mwengine hupitisha umeme kidogo hata ukagusa laptopu ukahisi kama sisimizi wanatembea mkononi. Ukizima soketi hupotezi kitu.

Chomeka waya wa HDMI kwenye CPU, upande wa pili kwenye monita. Chomeka waya wa laptopu. Wa VGA ukaze zile skrubu kwa vidole, usitumie bisibisi, zikikazwa sana hutoka pamoja na nati zake ukija kuzifungua. Washa soketi, washa monita, washa CPU, kisha laptopu.

Kwangu picha imekuja. Kama wewe hujaona kitu, subiri, bado hatujachagua. Tafuta batani iliyoandikwa "Source" au "Input". Kwenye monita yangu ipo chini kulia. Naibonyeza, inaniletea orodha: HDMI, VGA. Nachagua HDMI, nipo kwenye CPU. Narudia, nachagua VGA, nipo kwenye laptopu. Hivyo tu.

Ila monita nyingi zina tabia ya kujichagulia. CPU ikilala, monita inaona huko kumekuwa kiza inaruka yenyewe kwenda kwenye laptopu, na wewe huku umegeuka kuzungumza na mteja. Ukirudi unakuta hesabu zako za duka zipo wazi mbele ya watu. Ingia kwenye menyu ya monita, tafuta "Auto Source" au "Auto Select", uizime.

Sasa laptopu. Ushike kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi P. Upande wa kulia unafunguka mlango wenye chaguo nne. La kwanza, picha ibaki kwenye laptopu peke yake. La pili, "Duplicate", picha moja ionekane pote pawili. La tatu, "Extend", vioo viwili vinakuwa kama ukumbi mmoja mpana, unaburuta dirisha kutoka huku kwenda kule. La nne, "Second screen only", picha inahamia kwenye monita na kioo cha laptopu kinazima. Mimi natumia la tatu ninapofanya hesabu, risiti naziweka kwenye kioo kidogo na jedwali kwenye kikubwa. Siipendi "Duplicate" kwa kazi hii, kwa sababu vioo viwili visivyolingana hulazimishwa ukubwa mmoja, na kimoja huonekana kimevutwa.

Ukitaka kuifunga laptopu kabisa ili meza ipate nafasi, nenda "Control Panel", halafu "Power Options", halafu pahala panapouliza ukifunga kifuniko kifanyike nini. Kwenye safu ya umeme wa chaja chagua "Do nothing". Safu ya betri iache ilale kama ilivyo, usije ukaitia kwenye begi inawaka ikaungua humo. Wenye Mac, ukifunga kifuniko inaendelea kufanya kazi ikiwa imechomekwa chaja na ina kibodi na mausi za nje.

Tufike kwa wale ambao monita zao zina tundu moja tu linalofaa. Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha, na mimi nilipoteza.

Nilisafiri Unguja kwa shughuli nyengine, nikapita maduka ya Darajani nikaomba kifaa cha kuunganisha kompyuta mbili kwenye monita moja. Nikapewa kiboksi kidogo cheusi chenye matundu matatu ya HDMI. Nikapanda boti, nikateremka Mkoani, nikafika Chake, nikakichomeka. Hakuna picha. Nikageuza waya mara nne. Kumbe nilichopewa kinafanya kazi kinyume: kinachukua picha ya kompyuta moja na kuigawa kwa monita mbili. Mimi nilitaka kompyuta mbili kuingia kwenye monita moja. Kwa nje vinafanana kama pacha, na kukirudisha ilikuwa kupanda boti tena.

Fikiria mifereji na ndoo. Unachokitaka ni mifereji miwili inayomimina kwenye ndoo moja, wewe unafungua huu na kuufunga ule. Kiboksi hicho kinaitwa swichi ya HDMI. Kile nilichopewa ni mfereji mmoja na ndoo mbili, kinaitwa splita. Dukani usiishie kwenye jina, kwa sababu majina yanachanganywa. Kisome kiboksi chenyewe. Swichi ina "IN" mbili na "OUT" moja, na ina batani ya kubadilishia. Splita ina "IN" moja na "OUT" mbili, na kwa kawaida haina batani. Vipo pia vinavyoandikwa "Bi-Direction", vinafanya kazi pande zote mbili na vina batani, hivyo navyo vinafaa. Ukikuta hakuna maandishi hata kidogo, omba kijaribiwe hapo hapo.

Na kuna watu wananiuliza kama wanaweza kuchomeka waya wa CPU kwenye HDMI ya laptopu ili kioo cha laptopu kiwe monita. Haiwezekani. HDMI ya laptopu za kawaida ni mlango wa kutokea, haipokei.

Adapta nazo zina upande wa kuingia na wa kutokea. Hapa ndipo laptopu yangu inapoingia, maana monita imebaki na VGA na laptopu ina HDMI. Nimetumia adapta ya HDMI kwenda VGA, ndani yake ina chipu ya kubadilisha picha. Ukiigeuza kinyume haifanyi kazi, ya VGA kwenda HDMI ni nyengine, na hiyo huhitaji umeme wake wa USB. VGA pia haibebi sauti, kwa hiyo sauti itabaki kwenye spika za laptopu. Mwenye CPU yenye DisplayPort akinunua waya wa kwenda HDMI ya monita, mara nyingi unafanya kazi bila tatizo. Lakini kutoka HDMI ya laptopu kwenda DisplayPort ya monita waya wa kawaida hautoshi, unahitaji kigeuzi chenye chipu.

Kibodi na mausi je? Ukitaka na hizo zihame pamoja na picha, kifaa chake kinaitwa swichi ya KVM: unachomeka kibodi, mausi na monita humo, na waya mbili zinakwenda kwenye kompyuta mbili. Batani moja, vyote vinahama. Ni raha, lakini bei yake ni kubwa kuliko swichi ya picha tupu. Mimi ya laptopu natumia kibodi yake mwenyewe, na sijaona haja.

Ikiandika "No Signal", usitie hofu. Angalia kwanza Source, kisha ncha za waya. Sisi tunaoishi karibu na pwani, chumvi ya hewani inaingia mpaka ndani ya matundu na vile vipini vya shaba hushika kutu ya kijani. Zima umeme, pangusa ncha ya waya kwa pamba yenye spiriti safi, acha ikauke kabisa, kisha rudisha. Na kama CPU iliwashwa wakati monita ipo kwenye laptopu, ukirudi huenda ukakuta picha kubwa, herufi nene. Bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B, kioo kitapepesa mara moja na huenda kikajirekebisha. Kikikataa, chomoa waya wa monita nyuma ya CPU, hesabu mpaka kumi, rudisha.

La mwisho ni umeme. Tangu waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika Pemba mwaka 2010 hali imekuwa nyengine kabisa, lakini kukatika bado kunakatika. Umeme ukikatika, CPU na monita vinazima pamoja na laptopu inaendelea kwa betri. Ukiwa uliichagulia "Second screen only", fungua kifuniko, picha inatakiwa irudi yenyewe. Ikibaki nyeusi, usiizime kwa nguvu, kazi yako ipo hai ndani. Chomoa waya wa monita kwenye laptopu, subiri kidogo, picha itarudi. Hifadhi ulichokuwa ukikifanya. Kisha zima soketi ukutani, na umeme ukirudi uache utulie dakika chache ndipo uwashe monita, halafu CPU, halafu urudishe waya wa laptopu.