Kinu Kimezimwa, Sasa Mnakagua Nini?

Asalaam aleikum, na habari zenu ndugu watazamaji. Tangu niseme kwamba ninafanya kazi Sellafield, eneo la nyuklia lililo kwenye pwani ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza, swali moja limekuwa likirudi katika maoni kila siku, mara kwa upole, mara kwa ukali: vinu vya umeme vya hapo vilizimwa mwaka 2003, sasa mnakagua nini, na mnalipwa kwa kazi gani? Wapo walioandika kwamba ninajigamba kwa kutaja jina la mahali ninapofanya kazi, na wapo walioandika kwamba sina shukrani kwa sababu nilisimulia usumbufu wa makaratasi. Sikukusudia lolote kati ya hayo. Ninajibu kwa sababu swali ni la msingi, na linanigusa.

Kwanza niondoe utata mmoja. Mimi si mkaguzi wa serikali, ni mpimaji wa mionzi niliyeajiriwa na mkandarasi. Nitakayoyasema kuhusu eneo lenyewe ni mambo yaliyokwisha kutangazwa hadharani, na mtakaponiuliza kuhusu malango na walinzi sitajibu.

Kuzima kinu ni kusimamisha kupasuka kwa atomi. Hakuondoi kile kilichokwisha kuzalishwa. Sellafield si kinu kimoja kilichofungwa mlango, bali ni kama mji wa kilomita sita hivi za mraba wenye majengo zaidi ya elfu moja, na kwa miongo mingi fueli ya vinu iliyokwisha kutumika ililetwa hapo ichakatwe, yaani itenganishwe kinachofaa kutumika tena na taka, kazi ambayo ilikoma kabisa Julai 2022. Taka zimebaki, na baadhi yake zimo katika majengo ya kale ambayo walioyajenga hawakuwaza sana jinsi ya kuzitoa taka humo.

Chukueni jengo moja tu, ghala la taka za Magnox, aina ya vinu vya zamani vya Uingereza, lililoanza kutumika miaka ya 1960. Ndani yake yametupwa maganda ya fimbo za fueli, yaliyotengenezwa kwa aloi (mchanganyiko wa metali) ya magnesiamu, na yamefunikwa kwa maji kwa sababu magnesiamu ikikauka inaweza kuwaka. Lakini maji hayohayo yanaila magnesiamu na kutoa gesi ya haidrojeni, ambayo nayo lazima iondolewe kila saa isijikusanye. Juu ya yote, sehemu ya zamani ya ghala hilo inavuja maji yenye mionzi kwenda ardhini. Ilivuja miaka ya 1970, na ikaanza tena miaka michache iliyopita. Taka zilianza kutolewa humo mwaka 2022, na makadirio ya kuimaliza sehemu hiyo yanafika miaka ya 2050. Anayeniuliza tunakagua nini, ninamwomba alifikirie ghala hilo.

Anayesimamia usalama huo ni ofisi ya taifa ya udhibiti wa nyuklia, inayojulikana kwa herufi ONR, ambayo tangu Aprili 2014 ni taasisi inayojitegemea kisheria. Utaratibu wa leseni wenyewe ni wa zamani zaidi. Oktoba 1957, eneo hili likiitwa Windscale, kinu kilishika moto, maziwa ya mashamba ya jirani yakamwagwa kwa wiki kadhaa, na sheria ya kwanza ya leseni ikapitishwa mwaka 1959. Leo leseni ya mtambo wa nyuklia ina masharti 36. Lipo linalodai ratiba ya kupima na kukarabati vifaa, lipo linalohusu uvujaji, na lipo, la 35, linalohusu uvunjaji wa mtambo, ambalo humruhusu mdhibiti kuamuru kazi ya kuvunja ianze au isimame.

Mtazamaji mmoja wa Mwanza aliandika kwamba kwa kuwa gharama za wakaguzi hulipwa na mwenye leseni, yaani kampuni inayoendesha mtambo, basi mkaguzi hawezi kumgusa anayemlipa. Ndugu yangu, malipo hayo yamewekwa na sheria, si hiari ya anayelipa. Mwaka 2019 kampuni inayoendesha Sellafield ilitozwa faini ya pauni 380,000 mahakamani kwa sababu ya mfanyakazi aliyejeruhiwa mkono na kuingiwa mwilini na plutoniamu, metali yenye mionzi, mwaka 2017, na mwaka 2024 ikatozwa pauni 332,500 kwa makosa ya usalama wa mifumo ya kompyuta. Kesi zote mbili zilipelekwa mahakamani na ONR.

Hata hivyo kuna ugumu ambao sikuuelewa mpaka nilipouona kwa macho yangu. Katika mtambo unaofanya kazi, mkaguzi asiporidhika anaweza kusema: zimeni. Katika mtambo unaovunjwa hakuna cha kuzima. Ukisimamisha kazi ya kutoa taka ghalani kwa sababu kreni haijakaguliwa ipasavyo, umemkinga mfanyakazi wa leo, lakini taka zimebaki kwenye jengo linalovuja kwa siku nyingine, na jengo linazidi kuzeeka. Kwa hiyo mkaguzi hupima hatari ya kutenda dhidi ya hatari ya kutotenda, na mara nyingine hukubali hatari ndogo ya muda ili kubwa ya miaka mingi iishe. Mimi naiona hiyo kuwa kazi ngumu kuliko ya kuzima, na inanikera watu wanaposema kwamba wakaguzi hao wanakula mishahara ya bure.

Sehemu yangu ni ndogo. Ninachukua karatasi ya duara, ninaipangusa sakafuni katika eneo la sentimita 300 za mraba, ninaiweka chini ya kipimo, ninasubiri, ninaandika namba, saa na jina langu. Kisha sehemu inayofuata. Wakati wa kutoka, unakaa juu ya benchi la mpaka, unavua kiatu kimoja na kuuvusha mguu huo upande safi kabla haujagusa chini, ndipo unavua cha pili. Fundi mwenye umri wa baba yangu aliwahi kunisubiri pale benchini dakika arobaini kwa sababu namba moja haikuniridhisha nikarudia kupima, na hakulalamika hata kidogo. Kwa mwaka mzima sheria hairuhusu mwili wa mfanyakazi kupokea zaidi ya millisivati 20 (kipimo cha mionzi inayoupata mwili), na vipimo tunavyovaa kifuani hukusanywa na kusomwa.

Sasa makaratasi, maana wengi mnaniuliza kuhusu kibali cha kazi. Huku neno hilo lina mambo mawili. Kuna kibali cha uhamiaji, na kuna kibali cha kazi ya siku, karatasi inayosema utafanya nini, chumba gani, kwa saa ngapi, na nani ameidhinisha. Bila hiyo hugusi hata bisibisi. Lakini kilichonitesa ni uchunguzi wa historia ya mtu. Walitaka kila anwani niliyoishi, na nyumba yetu ya Tanga haina namba. Wakala aliyeniandikisha aliipoteza barua yangu ya utambulisho, akaniambia niilete upya, na kwa miezi saba nilikuwa nikihudumia wazee usiku ili nilipe kodi ya chumba. Hiyo ni hali yangu mimi. Mwingine amepita kwa wiki chache, kwa hiyo msipange safari kwa kuiga maneno yangu. Ushauri pekee ninaothubutu kutoa ni kuweka nakala ya kila karatasi kabla hujaitoa mkononi.

Kwa ndugu zangu wa Kilifi na Siaya, mnaoniuliza kama mkubali au mkatae kinu kinachopangwa Kenya, uamuzi huo ni wenu. Mimi ningeuliza kwanza fedha za kukivunja zitawekwa wapi, na nani atazilinda. Usafishaji wa Sellafield umekadiriwa kufikia pauni bilioni 136 na kuendelea hadi mwaka 2125, na fedha hizo zinatoka kwa walipa kodi, wengi wao wakiwa hawajazaliwa wakati umeme ule ulipotumika.

Kesho ninaingia zamu ya asubuhi, nitapanda treni ya pwani saa kumi na mbili. Maswali yaliyobaki yaandikeni hapa chini, nitayasoma Jumapili.