Ugaidi Umejifunza Kiswahili

Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojazana pale mlangoni, hamjambo.

Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulilipuliwa Nairobi, wakafa watu 213, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wanajipitia njia. Asubuhi hiyo hiyo Dar es Salaam wakafa 11. Tukasema huu ni ugomvi wa wenyewe, sisi tumekanyagwa tu. Gaidi, machoni petu, alikuwa mgeni. Na tusidanganyane: hata wakati ule walikuwemo wa pwani hii hii.

Mwaka 2012 Al-Shabaab wakaanza kutoa jarida la Kiswahili kwenye intaneti. Jamani, jarida haliandikwi Kiswahili kwa ajili ya msomaji wa Mogadishu. Lilikuwa linamtafuta kijana wa Majengo, wa Eastleigh, wa Tanga.

Na walimpata. Kati ya waliovamia hoteli ya DusitD2, Nairobi, tarehe 15 Januari 2019 wakaua watu 21, mshambuliaji mmoja alizaliwa na kukulia Kenya, baba yake mwanajeshi. Alipanga nyumba Muchatha, kule Kiambu, akaishi na mkewe kama wapangaji wengine. Siku chache kabla ya shambulio, mke akatangaza mtandaoni kwamba wanahama na wanauza vyombo vya nyumba. Mfikirieni mtu aliyeliona tangazo lile, anapiga hesabu kama kochi litapita mlangoni kwake. Sisi huku tuko kwenye foleni ya supamaketi, askari anapitisha kioo chini ya gari.

Kusini nako hali ni hiyo. Cabo Delgado, Msumbiji, ambako vita vilianza Oktoba 2017, Kiswahili kinasikika mpaka sokoni. Oktoba 2020 wapiganaji wa huko walivuka Ruvuma wakashambulia Kitaya, mkoani Mtwara.

Lakini kinachoninyima usingizi ni Garissa. Tarehe 2 Aprili 2015 Al-Shabaab walivamia chuo kikuu pale, wakaua watu 148. Mmoja wa wauaji alikuwa na shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Nairobi, na baba yake alikuwa chifu kule Mandera. Mzee yule alikuwa ameshakwenda mwenyewe kwa serikali kuripoti kwamba mwanawe haonekani. Alifanya kile tunachowahimiza nyinyi mfanye kila siku.

Kwa hiyo mama mmoja aliponishika mkono nje ya ukumbi huu, akaniuliza, "Mwanangu, nikimripoti kijana wangu, watanirudishia au ndiyo nimemzika?", nilikosa la kumwambia. Anajua vijana waliochukuliwa usiku na watu wenye gari lisilo na namba, na mpaka leo mama zao wanazunguka vituoni na picha. Amekaa pale safu ya tatu. Ofisa wa usalama wa kaunti naye tunaye hapa mbele. Namwachia kipaza sauti, amjibu.