Kaki Si Rangi Moja

Ahsanteni. Pokeeni visanamu hivi viwili mpitishiane, taratibu, maana vanishi bado changa. Wote wawili ni askari wa vita vya 1914 hadi 1918 hapa kwetu Afrika Mashariki, urefu milimita 28. Mmoja ni wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza, mwenziwe wa Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani. Chini ya taa hii mtaapa kwamba nimewapaka rangi kutoka kopo moja. Haya, wewe wa nyuma, wapeleke dirishani. Umeona? Mmoja amevuta kwenye kijani, mwingine kwenye udongo.

Kila mwaka nalisema hili, na kila mwaka naulizwa: mwalimu, kaki si kaki tu? Hapana! Neno lenyewe asili yake ni Kiajemi, maana yake vumbi. Vumbi la Voi na mchanga wa Lamu ni kitu kimoja?

Sikilizeni. Waingereza walipofunga bahari, vitambaa havikuingia tena upande wa Wajerumani. Pamba ikasokotwa na kufumwa humu humu nchini. Rangi je? Lettow-Vorbeck mwenyewe, kamanda wa Wajerumani, aliandika kwamba iliyofaa zaidi ilitoka kwenye gome la mti aliouita ndaa: kahawia yenye umanjano, isiyojitokeza kwenye nyasi wala kichakani. Basi katika kombania moja unaweza kumkuta mwenye kaki ya kiwandani iliyopaushwa na jua, mwenye nguo ya ndaa, na aliyevaa nguo iliyotekwa kwa adui. Halafu mtu ananunua chupa iliyoandikwa "kaki" na kupaka jeshi zima. Amefuta historia kwa brashi.

Nguo ya ndaa naianzia kwenye manjano ya udongo, naongeza kahawia kidogo. Ya kiwandani naianzia kwenye manjano safi, natia tone la nyeusi, kisha nyeupe. Manjano ikikutana na nyeusi huzaa kijani. Asiyeamini ajaribu leo usiku. Na ukiwa na chupa mbili usizoweza kuzitofautisha, chota tone la kila moja, tia nyeupe, sambaza kwenye kadi. Nyeupe itafichua kilichojificha: hii itatoa uwaridi, ile itatoa ukijani. Ngoja zikauke kwanza, maana rangi ya akriliki ikikauka hukolea, na rangi mbili zilizofanana zikiwa mbichi huachana zikikauka.

Nilijifunza kwa uchungu. Nilikuwa na askari kumi na wawili, usiku, taa ya manjano. Mchanganyiko ukaniishia kwa wa saba, nikachanganya mwingine, nikaulinganisha ungali mbichi, nikaridhika. Asubuhi nikawapanga barazani: saba wa jeshi moja, watano kama wametoka nchi nyingine. Nikawapaka upya wote. Tangu siku hiyo nachanganya ya kikosi kizima kwa mara moja, naifunga kwenye kichupa, na sikubali rangi mpaka niione kwa jua.

Najua mnachotaka kusema: kitu cha urefu wa pingili ya kidole, nani ataona? Ataona kila mtu! Uso wa kisanamu hiki hauzidi punje ya mtama. Hakuna mkunjo wala nywele za kumsaidia mtazamaji. Ana rangi tu.

Na hapo kwenye uso ndipo ninapoumia zaidi. Afisa wa Kizungu anapakwa matabaka matano, mashavu, pua, kivuli cha kofia. Askari anapewa kahawia moja ya chupa, yeye na wenzake wote. Kikosi cha Mjerumani Wissmann, chimbuko la Schutztruppe, mwaka 1889 kilikuwa na Wasudani waliochukuliwa Misri. Baadaye wakaingia Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema. Keya walikuwamo Wayao. Lugha yetu ina mweusi tii, ina maji ya kunde, na baina ya hizo kuna ngozi ngapi? Mama zetu hawazichanganyi hata kwa mbali. Sasa wewe unayejiita fundi wa rangi unashindwaje?

Changanyeni kahawia tatu au nne, mzigawe kikosini. Mwangaza wa ngozi msiutafute kwa nyeupe, uso utakuwa majivu. Tieni manjano ya udongo au chungwa. Kivuli nacho kisitoke kwenye nyeusi. Tumieni buluu iliyokolea, au damu ya mzee.

Naonyeshwa saa. Vanishi basi: isiyong'aa hupausha, inayong'aa hukoleza, kwa hiyo ijaribuni kwenye kadi ile ile ya rangi kabla haijagusa kisanamu. Vifungo na viatu vitasubiri. Visanamu vyangu viko kwa nani? Bado uko navyo dirishani? Vizuri. Niambie, wa Keya ni yupi?