Mteja Ni Wewe: Mhadhara kuhusu Biashara za Kuingiza Watu

(Ulitolewa kwenye semina ya elimu kwa wanachama wa SACCOS ya walimu na watumishi wa afya, Morogoro)

Mheshimiwa mwenyekiti, wajumbe wa bodi, wanachama wenzangu, habari za asubuhi. Wakubwa wangu mlioketi mbele, shikamooni.

Katibu aliponiandikia aliniomba nizungumzie "fursa za biashara ya mtandao". Mada nimeikubali, ila neno fursa nimeomba liachwe nje ya ukumbi. Mimi kazi yangu ni kukagua vitabu, na sababu yangu iko kwenye fomu za mikopo. Pale penye madhumuni ya mkopo tumezoea kusoma ada ya shule, ujenzi, kilimo, matibabu. Siku hizi inaandikwa "mtaji wa biashara". Kamati ikiuliza ni biashara gani, mwanachama anatazama chini, au anaikaribisha kamati nzima kwenye semina Jumamosi.

Sizungumzii anayeuza viatu Instagram. Huyo ana bidhaa, ana wateja, akiamka vibaya anapata hasara kama mfanyabiashara yeyote. Nazungumzia ile ya kununua kifurushi cha kuanzia, kuingiza watu chini yako, nao waingize wa kwao, na wewe ule kamisheni kwenye manunuzi ya wote walioko chini. Hoja yangu ni moja: katika nyingi ya biashara hizi, mteja anayetegemewa hayuko mtaani. Mteja ni wewe uliyejiunga.

Tuanze nyumbani, na ule upatu wa DECI. Wengi hapa mnaikumbuka. Ilianza 2007, mbele wakiwa wachungaji. Mtu alikuwa "anapanda mbegu", anasubiri "kuvuna". Hapakuwa na shamba wala duka. Aliyevuna leo alilipwa kwa mbegu ya aliyepanda jana. Serikali iliisimamisha 2009, na 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ikawatia viongozi wake hatiani. Kifungu kilichotumika, cha 171A cha Kanuni ya Adhabu, kipo mpaka leo. Kuendesha upatu wa namna ile ni jinai.

Wapo watakaosema mbona upatu tunacheza hata ofisini. Ule wa ofisini mko 10, kila mmoja anatoa kiasi kile kile, kila mmoja anapokea zamu yake, mnamaliza. Hauhitaji mtu wa 11 ili wa 10 apate chake. DECI ilihitaji mtu mpya kila siku, na siku alipokosekana ikasimama.

Shida ni kwamba wengi tulitoka DECI na nusu ya somo. Tuliona ubaya wake ulikuwa kukosa bidhaa. Kwa hiyo leo akija mtu na kahawa ya uyoga, dawa ya meno na kopo la unga wa lishe, tunasema hii ni halali, bidhaa si hii hapa? Naishika mkononi!

Wamarekani walikutana na swali hilo zamani. Koscot ilikuwa kampuni ya vipodozi, Florida. Bidhaa ilikuwepo. Mwaka 1975 Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, ilisema kuwepo kwa bidhaa hakutoshi. Tazama mtu analipwa kwa sababu gani. Kama amelipia haki ya kuingia, na zawadi yake inatokana na kuingiza wengine badala ya mauzo kwa mtumiaji wa mwisho, huo ni upatu haramu. Mwaka 1979 Amway, kampuni nyingine ya kuuza kwa kuingiza watu, ilipita kwenye kipimo hicho kwa sababu ya kanuni zake: msambazaji auze angalau asilimia 70 ya alichonunua, awe na wateja 10 wa rejareja kwa mwezi, na mzigo ambao haujauzwa urudishwe. Haikupona kila shitaka, maana tume iliiamuru iache kupanga bei na kutia chumvi mapato ya wanachama. Lakini kanuni zile tatu ni kipimo kizuri. Wewe uliyejiunga, nitajie wateja wako 10 wa mwezi uliopita ambao hawana namba ya usajili kwenye kampuni yako. Usinitajie dada yako aliyenunua ili usijisikie vibaya.

(Kicheko ukumbini.)

Sasa kalamu zitoke. Kiasi nitakachotumia nimekitunga ili hesabu iwe nyepesi; kila mmoja ataweka cha kwake. Kifurushi cha kuanzia shilingi 450,000. Ili uendelee kuhesabiwa na kulipwa, kila mwezi ununue bidhaa za 150,000. Kwa mwaka umetoa 2,250,000, na hapo sijagusa nauli, vocha, kiingilio cha semina wala suti. Tuseme unapata asilimia 20 ya manunuzi ya wale uliowaingiza. Kurudisha ile 150,000 ya mwezi tu, watu wako wanunue bidhaa za 750,000. Hao ni watu watano, kila mmoja akitoa 150,000 kama wewe. Hapo bado hujapata faida, umefuta tu gharama ya mwezi. Na kila mmoja wa hao watano, ili naye asipate hasara, anahitaji watano wake.

Basi twende nao. Wewe mmoja, halafu 5, halafu 25, 125, 625. Kwenye semina huishia hapo, kwa sababu 625 inaonekana ni watu wa kata moja. Mimi nimeendelea. Mzunguko wa 11 unahitaji watu 48,828,125. Ukijumlisha na waliotangulia wote unapata 61,035,156. Sensa ya 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120. Kwa hiyo kufika hapo nchi imekwisha, pamoja na watoto mliowazalisha wiki hii, manesi. Wamebaki watu laki saba na ushei, na walioingia mwisho, karibu milioni 49, kila mmoja anatafuta watano wake miongoni mwa hao.

Najua jibu lake, nimelisikia: haiwezi kufika huko, wengi huacha njiani. Ni kweli, wengi huacha. Wanaacha kwa sababu wamepata hasara, na nafasi zao zinajazwa na wengine ambao nao wataacha. Ila tazama kitu kingine kwenye hesabu ile. Popote utakapoisimamisha, iwe mzunguko wa tatu au wa 11, walioko safu ya mwisho ni karibu asilimia 80 ya wote. Hao hawana mtu chini yao. Hata kama kila mmoja ni mchapakazi kuliko punda, hata wakiamka wote saa kumi alfajiri kusikiliza sauti za kujituma, asilimia 80 watakuwa safu ya mwisho. Juhudi yako inaweza kukuondoa wewe pale, lakini lazima mwingine akae mahali pako. Kwa hiyo aliyekuingiza anapokuambia umeshindwa kwa kuwa una fikra za umaskini, muulize hizo asilimia 80 zingekaa wapi.

Na kumbukumbu za walioshitakiwa zinaonyesha hivyo hivyo. Mwaka 2016 FTC iliifikisha mahakamani Herbalife, kampuni ya bidhaa za lishe. Kampuni ikakubali kulipa dola milioni 200 na kubadili mfumo wake wa malipo, na mwaka uliofuata watu karibu 350,000 wakatumiwa hundi. Katika madai ya tume, zaidi ya nusu ya wale waliopewa cheo cha viongozi wa mauzo walipokea kutoka kwa kampuni wastani wa chini ya dola 300 kwa mwaka mzima wa 2014. Hao ni viongozi, siyo walioingia jana. Mwaka 2019 ikaja AdvoCare: dola milioni 150 na kupigwa marufuku kuendesha biashara ya namna hii. Kwa madai ya tume, mwaka 2016 asilimia 72.3 ya wasambazaji wake hawakupata hata senti kutoka kwa kampuni, na asilimia 18 walipata kati ya senti moja na dola 250.

Mtasema hizo ni kampuni mbili zilizochaguliwa. Mwaka 2024 FTC ilisoma taarifa za mapato ambazo kampuni 70 zenyewe huzitoa. Katika nyingi, wengi wa wanachama walipata dola 1,000 au pungufu kwa mwaka, yaani chini ya dola 84 kwa mwezi, na taarifa nyingi hazikuhesabu gharama alizotumia mwanachama. Hiyo ni Marekani, ambako watu wana hela ya kununua vitamini. Sisi tunawauzia akina nani?

Nije kwenye hasara ambayo vitabu vyangu havina safu yake. Siku ya kwanza ya mafunzo unaambiwa uandike majina 100 ya watu unaowafahamu. Shangazi, kaka wa kipaimara, uliyesoma naye chuo, mwenye duka anayekukopesha sukari. Orodha hiyo ndiyo mtaji halisi unaoingiza, na kampuni inaupata bure. Kahawa ile ingewekwa dukani kwa bei hiyo ingeota vumbi. Inanunuliwa kwa sababu muuzaji ni wewe, na shangazi hawezi kukunyima. Akinunua mara tatu anaanza kutopokea simu. Ukoo una kundi la WhatsApp, umeweka mle tangazo, kimya. Kwenye msiba watu wanasalimiana nawe wamesimama upande, wanaogopa utafungua begi.

Na kazini ni pabaya zaidi. Mkuu wa shule akiwaita walimu wapya ofisini na kuwaonyesha fursa, ni nani atakataa, naye ndiye anayejaza tathmini zao? Muuguzi kiongozi akiwaingiza wa wodini kwake, zamu za usiku atazipanga kwa jicho gani? Sisemi wote hufanya hivyo. Nasema mfumo unamlipa mwenye mamlaka kuliko asiye nayo, na yeye ndiye hutafutwa kwanza.

Mlio na vijana waliomaliza vyuo, waambieni jambo moja. Ujumbe unaosema kuna nafasi za kazi, njoo na vyeti, lakini hautaji kazi gani wala mwajiri, ukifika unakuta viti 60 na projekta, hiyo siyo ajira. Mwajiri hamtozi anayemwajiri.

Kuhusu dawa nitakuwa mfupi, kwa kuwa manesi mnajua kuliko mimi. Aprili 2020, korona ikiwa imepamba moto, FTC iliziandikia onyo kampuni 10 za aina hii kwa madai ya tiba au ya mapato yaliyokuwa yakisambazwa na wanachama wao. Huku kwetu ni kisukari na presha. Muuzaji haandiki kwenye kopo kwamba inatibu; anatoa ushuhuda, na ushuhuda hauna lebo. Mgonjwa akiacha metformin, dawa yake ya kisukari, kwa sababu mwalimu wake wa zamani kamuuzia chai, gharama yake haimo kwenye hesabu niliyoifanya hapa.

Mavazi mapya ya jambo hili ni sarafu za mtandaoni. OneCoin ilianzia Sofia, Bulgaria, 2014. Waliuza vifurushi vya "elimu" kwa mfumo huu huu wa ngazi. Sarafu yenyewe haikuwahi kuwa sarafu. Ilifika mpaka Uganda, na fedha zilizochangwa duniani zilipita dola bilioni 4. Mwanzilishi, Ruja Ignatova, alipotea Oktoba 2017, na tangu 2022 yumo kwenye orodha ya watu 10 wanaotafutwa zaidi na FBI. Mwenzake, Karl Sebastian Greenwood, alifungwa miaka 20 mwaka 2023. Walioingia kwa kifurushi kidogo walikuwa na ngazi, vyeo na vyeti vya pongezi. Walikosa kitu kimoja tu, mtu wa nje wa kuwauzia.

Kwa mliomo tayari, sitawasema. Kwanza simamisheni yale manunuzi ya kila mwezi, hata kama cheo kitashuka. Pili, someni mkataba, mwangalie kama kuna kurudisha bidhaa ambazo hazijafunguliwa na ndani ya muda gani, kisha mwandike barua, msiishie kupiga simu kwa aliyewaingiza. Mkizungushwa, Tume ya Ushindani, FCC, inapokea malalamiko ya walaji. Tatu, na hili ndilo gumu, msifidie hasara kwa kuingiza mtu mwingine. Na kabla hujakimbilia mkopo wa riba kubwa, ule wa kausha damu, kulipia kifurushi cha ngazi ya juu, njoo kwenye kamati ya mikopo useme ukweli. Mkopo hupangwa upya. Riba ya kausha damu haipangwi.

Maswali nimepokea mawili kwa karatasi.

La kwanza, mama mmoja anasema kahawa yenyewe imemsaidia, je, aache? Usiache, mama. Nunua kopo moja unalolitumia, kwa bei unayoona ni ya haki, bila kujisajili. Anayekuuzia akikuuzia hivyo kila mwezi bila kukuongelea usajili, huyo ni muuza kahawa, muungishe.

La pili halina jina. "Aliyeniingiza ni bosi wangu. Nitatokaje?" Mwambie mkopo wako haujaisha na kamati imekukatalia nyongeza. Akitaka barua, katibu ataiandika leo. Lawama zote tupieni kamati; posho ya kikao tunapewa kwa ajili hiyo.